Kodi Ikipunguzwa, Nani Anabaki na Pesa?

Swali: *Nina kibanda cha rejareja sokoni Busia, upande wa Uganda. Nauza sukari, mafuta ya kupikia, sabuni na unga. Mume wangu ni mwalimu wa serikali, mshahara wake ni shilingi 600,000 kabla ya makato. Kila bajeti na kila uchaguzi tunaahidiwa kwamba kodi itapunguzwa. Shemeji yangu aliyeko Kampala anasema kodi za makampuni na matajiri zikishushwa watawekeza, ajira zitaongezeka, na sisi wa chini tutanufaika. Mimi sijawahi kuona hata bei ya mafuta ikishuka. Kati yetu nani yuko sahihi?*

Jibu: Dada yangu wa Busia, shemeji yako ameshika ukweli kidogo, na wewe umeshika mkubwa zaidi. Punguzo la kodi si kitu kimoja. Kuna linaloingia mfukoni mwa mwalimu mwisho wa mwezi, kuna linaloishia kwa muuzaji wa jumla, na kuna lile ambalo hutalisikia redioni kamwe kwa sababu liko ndani ya makubaliano ya mwekezaji na serikali. Ukiambiwa kodi itashuka, jambo la kwanza ni kujua ni kodi ipi na nani alikuwa akiilipa. La pili ni kujua pengo litazibwa na nani. Hili la pili wanasiasa hulikwepa, nami nitalirudia kwa sababu ndilo linaloniuma.

Tuanze na mshahara wa mume wako, maana hesabu yake iko wazi. Kwa viwango vya PAYE, yaani kodi inayokatwa moja kwa moja kwenye mshahara, vilivyoanza mwaka 2012, shilingi 235,000 za kwanza kwa mwezi hazikatwi kodi. Kutoka hapo hadi 335,000 ni asilimia 10, kutoka 335,000 hadi 410,000 ni asilimia 20, na kila shilingi juu ya 410,000 ni asilimia 30. Anayepita milioni 10 huongezewa asilimia 10 nyingine kwa kile kilichozidi. Mwalimu wa 600,000 basi analipa 10,000, kisha 15,000, kisha 57,000. Jumla ni 82,000, na anabaki na 518,000.

Sasa mweke pembeni yake mkurugenzi wa Kampala anayelipwa milioni 15. Kodi yake kwa viwango hivyohivyo ni 4,902,000.

Tuseme Bunge limeamua kupunguza PAYE. Linaweza kufanya hivyo kwa njia mbili, na kwenye vichwa vya habari zote mbili zitaandikwa "wafanyakazi wapunguziwa kodi". Njia ya kwanza ni kupandisha kizingiti kutoka 235,000 hadi 335,000 na kuacha mengine yote yalivyo. Mume wako ataokoa 10,000 kwa mwezi, na mkurugenzi ataokoa 10,000 vilevile. Kwenu hiyo ni karibu asilimia 2 ya pesa inayofika nyumbani. Kwake ni kitu asichoweza hata kukiona. Njia ya pili ni kushusha kile kiwango cha asilimia 30 hadi 25. Mume wako ataokoa 9,500. Mkurugenzi ataokoa 729,500, yaani zaidi ya mshahara mzima wa mwalimu, kila mwezi, na Hazina itapoteza pesa nyingi kupita ile njia ya kwanza kwa watu wa aina yake.

Ndiyo maana nawasihi watu wasishangilie punguzo kabla ya kupiga hesabu yake. Kwa mtu wa kipato cha chini, cha maana ni kizingiti. Kushusha viwango vya juu ni zawadi kwa walio juu, hata kama mwalimu naye ataokota chochote. Tena kizingiti kile cha mwaka 2012 kilikaa palepale zaidi ya miaka kumi huku bei za unga, karo na nauli zikipanda. Mshahara ukiongezwa ili kufuata bei, kila shilingi ya nyongeza huangukia kwenye asilimia 20 au 30. Hiyo ni nyongeza ya kodi ambayo hakuna mbunge aliyeipigia kura, na waliobebeshwa zaidi ni walimu, wauguzi, polisi na makarani.

Lakini Waganda wengi hawana hati ya mshahara. Mkulima wa mihogo kule Tororo, kijana wa boda boda, mama anayekaanga rolex (chapati na mayai) kando ya barabara, PAYE haiwahusu hata kidogo. Wakipunguziwa PAYE hawapati kitu. Wao kodi wanailipa dukani kwako.

VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani inayofichwa ndani ya bei, ni asilimia 18. Hapa nataka niwe mwangalifu, kwa sababu kuna watu wanaosema VAT yote inamnyonga maskini, na hilo si kweli kabisa. Vyakula visivyosindikwa havitozwi VAT. Ndizi, maharage, viazi na mboga za sokoni hazimo, na unga wa nafaka zilizolimwa na kusagwa hapa hapa Uganda uko kwenye asilimia sifuri. Familia inayokula inacholima inalipa VAT ndogo kuliko familia ya Kololo, mtaa wa matajiri Kampala, inayojaza kigari cha supamaketi. VAT nzima ikishushwa kutoka 18 hadi 16, wanaotumia zaidi wataokoa shilingi nyingi zaidi. Nyumba inayonunua bidhaa zenye VAT za shilingi 200,000 kwa mwezi itaokoa kama 3,400, tena iwapo wafanyabiashara wote watashusha bei.

Na hapo kwenye kushusha bei ndipo kibanda chako kinapotufundisha. Tangu mwaka 2018 mafuta ya kupikia yana ushuru wa shilingi 200 kwa lita. Najua mafuta mengi sokoni hayauzwi kwa lita, yanauzwa kwa kipimo. Tuseme kipimo chako ni sehemu ya kumi ya lita na unakiuza 500. Ushuru uliomo ndani yake ni shilingi 20. Kesho serikali ikifuta ushuru huo wote, utamrudishia mteja shilingi 20 kwa sarafu gani? Hata ukitaka, huwezi. Bei itabaki 500. Zile 20 zitabaki kwako, au kwa muuzaji wa jumla asiposhusha bei ya jerikeni, au kwa kiwanda. Anayenunua jerikeni nzima la lita 20 ndiye anayeweza kupiga bei na kudai shilingi 4,000 zake, na huyo kwa kawaida si maskini. Kwa hiyo umeona sawasawa. Ushuru ukipanda, bei hupanda siku hiyohiyo na huzungushwa kwenda juu. Ukishuka, punguzo hukwama njiani, hasa pale maskini wanaponunua kidogo kidogo na wauzaji wa jumla ni wachache. Kinachosaidia hapo ni ushindani. Busia mna bahati kidogo, kwa sababu bidhaa ikiwa ghali kwetu mteja anavuka kwenda kununua Kenya.

Kuna punguzo moja nililoliona likimfikia mtu wa chini moja kwa moja. Julai 2018 serikali ilianza kutoza asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu, ikiwemo kupokea na kutoa. Kelele zilikuwa kubwa, na Novemba mwaka huohuo kodi ikashushwa hadi asilimia 0.5, ikabaki kwenye kutoa tu. Tofauti na mafuta ya kupikia, hapa hakuna muuzaji wa kati wa kubana punguzo, kwa sababu makato hufanywa na mtambo. Anayetoa 100,000 kwa wakala anakatwa 500 ya kodi juu ya ada ya kampuni. Mwenye akaunti anayechukua pesa zake dirishani benki hakatwi kodi hiyo. Kwa hiyo ukinitaka nitaje kodi moja ya kuondolewa kwa faida ya mwanakijiji anayetumiwa pesa na mwanawe aliyeko mjini, nitaitaja hii bila kusita.

Mwaka huohuo wa 2018 ndipo ilipokuja ile kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku. Ilifutwa Julai 2021, na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Kwa wengi mzigo ulihama mfuko tu. Nakutajia kwa sababu "imefutwa" katika hotuba ya bajeti mara nyingi huwa na mwenzake ukurasa unaofuata.

Sasa nimjibu shemeji yako. Hoja yake inasomeka hivi: kampuni ikilipa kodi ndogo inabaki na faida kubwa zaidi, inapanua kiwanda, inaajiri, mishahara inapanda. Katika mazingira fulani hilo hutokea, nami sitalikana. Kampuni ndogo inayohangaika na mtaji, hasa kwetu ambako mikopo ya benki hukaribia riba ya asilimia 18 hadi 20 kwa mwaka, ikiachiwa faida yake kwa miaka michache ya mwanzo inaweza kweli kununua mashine ya pili.

Ila Uganda imekuwa ikitoa nafuu kubwa za kodi kwa wawekezaji wakubwa kwa miaka mingi, pamoja na misamaha ya hadi miaka 10, na tunao ushahidi. Benki ya Dunia iliwauliza wawekezaji katika nchi kadhaa, Uganda ikiwemo, kama wangekuja bila nafuu hizo. Hapa kwetu asilimia 93 walisema wangewekeza hata hivyo. Rwanda walikuwa 98, Tanzania 91. Waliangalia soko, umeme, barabara, usalama na kama sheria zinatabirika. Nafuu ya kodi waliipokea, nani angeikataa? Lakini siyo iliyowaleta. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya pesa hiyo imetolewa bila kununua ajira yoyote ambayo isingekuwepo. Kwangu mimi hilo ndilo punguzo la kodi linalostahili hasira kuliko yote, kwa sababu mwenye kiosk hapati msamaha wa miaka 10, na bidhaa zake hushindana na za yule anayeupata.

Nje ya Afrika majaribio yamefanywa kwa ukubwa zaidi. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2017, ilishusha kodi ya makampuni kutoka asilimia 35 hadi 21, na wananchi wakaahidiwa kwamba mishahara ya familia za kawaida itapanda kwa maelfu ya dola. Wachumi waliofuatilia kumbukumbu za kodi za makampuni hayo walikuta nyongeza ilikwenda kwa asilimia 10 ya juu ya wafanyakazi, hasa mameneja, na walio chini yao hawakuona badiliko la maana. Watafiti wawili wa Uingereza, David Hope na Julian Limberg, walipitia miaka 50 ya nchi 18 tajiri mwaka 2020 na kukuta kwamba kodi za matajiri zikikatwa, sehemu ya pato inayochukuliwa na walio juu kabisa huongezeka, ilhali ukuaji wa uchumi na ajira haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Na Owen Zidar, akichunguza Marekani baada ya vita vikuu, aliona kwamba mapunguzo yanayowaendea asilimia 90 ya chini ndiyo yanayofuatiwa na ajira mpya. Yale ya asilimia 10 ya juu athari yake ni ndogo.

Sababu yake unaiona sokoni. Mwalimu akibaki na 10,000 zaidi, kabla ya wiki kwisha imekuwa sabuni kwako, samaki kwa jirani yako, fundi viatu kalipwa deni lake. Mtu wa milioni 15 akibaki na 729,500 zaidi, hatakula zaidi ya alivyokuwa akila. Ataziweka, au atanunua kiwanja, au atalipa karo nje ya nchi, au ataagiza kitu kutoka Dubai. Yote hayo ni haki yake. Lakini soko la Busia halitajua kwamba kodi ilishuka.

Narudi kwenye pengo. Uganda hukusanya kodi ya kama asilimia 13 hadi 14 ya pato la taifa, kiasi kidogo kwa nchi yenye vijana wengi namna hii. Kila punguzo lazima litoke mahali, na mahali penyewe ni patatu: kodi nyingine ipande, huduma ipungue, au serikali ikope.

Ikikopa ndani ya nchi, inauza hati fungani. Wanunuzi ni benki, mifuko ya hifadhi ya jamii na watu wenye akiba kubwa. Hati za miaka 10 na 15 zimekuwa zikilipa riba inayozidi asilimia 15 kwa mwaka. Kwa hiyo tajiri aliyepunguziwa kodi anaweza kuichukua pesa ileile, kuikopesha serikali, na kulipwa riba kutokana na VAT ya sabuni unayouza. Benki nazo zikishapata mteja mkubwa asiye na wasiwasi kama serikali, kwa nini zihangaike kumkopesha mama wa kibanda kwa masharti mepesi?

Waingereza walilipa somo hilo kwa siku chache. Septemba 2022 serikali ya Waziri Mkuu Liz Truss ilitangaza mapunguzo ya kodi ya kama pauni bilioni 45 bila kueleza pengo litazibwaje, likiwemo la kufuta kiwango cha juu cha asilimia 45 kwa wenye vipato vikubwa. Pauni ikaanguka, riba za mikopo ya nyumba zikaruka, na kabla ya miezi miwili kupita alikuwa ameondoka madarakani. Kule walioumia haraka ni familia za kawaida zenye mikopo ya nyumba.

Mfano wa karibu zaidi uko ng'ambo ya mpaka wako. Aprili 2020, wakati wa korona, Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, ikashusha kiwango cha juu cha PAYE na kodi ya makampuni kutoka 30 hadi 25, na wenye mishahara isiyozidi shilingi 24,000 za Kenya wakaachiwa PAYE yote. Januari 2021 viwango vingi vilirudishwa palepale kwa sababu Hazina haikuweza kuvumilia. Nafuu ya wale wa 24,000 ilibaki. Kuwaondolea walio chini kabisa kodi ya mshahara hakugharimu sana, kwa sababu hata kabla hawakuwa wakichangia pesa nyingi. Lakini kwao wenyewe ilikuwa nafuu halisi.

Hapa Uganda sisi tuna kumbukumbu yetu, nayo ina pande mbili. Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 2005, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Februari 2006. Wazee wako wanaikumbuka: wanaume wakiviziwa njiani alfajiri, asiye na tiketi ya kuonyesha amelipa anafungwa kamba, wengine wanalala vichakani. Ilikuwa kodi ya dhuluma, ilimbana mtu asiye na kitu, na sitamsikiliza anayetaka irudi. Hata hivyo, ndiyo iliyokuwa ikizipa serikali za wilaya sehemu kubwa ya mapato yao wenyewe. Ilipoondoka, wilaya zikabaki kungoja ruzuku za Kampala, ambazo huja na masharti ya matumizi, na kodi ya huduma za mitaa iliyoanzishwa mwaka 2008 haikuziba pengo. Daraja la kijiji likivunjika, diwani wako hana fungu la kulitengeneza.

Huduma ikipungua, maskini hulipa kodi isiyoitwa kodi. Elimu ya msingi bila ada ilianza mwaka 1997, na ada za matibabu katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001. Kwa mtu wa chini hayo yalikuwa mapunguzo makubwa kuliko chochote kilichowahi kufanywa kwenye VAT. Fungu lisipotosha, mzazi anaombwa pesa ya chakula cha mchana shuleni, ya mtihani, ya kujenga choo. Mgonjwa anaambiwa dawa zimekwisha, akanunue kliniki ya pembeni. Tajiri hilo halimgusi, maana wanawe hawasomi huko na hatibiwi huko. Ukitaka kujua kama punguzo fulani limekusaidia, jumlisha pia pesa hizi unazotoa bila risiti.

Kuhusu kodi yako wewe mwenyewe, kuna nafuu unayoweza kuipata bila kungoja mtu. Kwa viwango vya biashara ndogo vilivyowekwa mwaka 2020, mwenye mauzo yasiyofika milioni 10 kwa mwaka halipi kodi ya mapato ya biashara. Mwenye mauzo kati ya milioni 10 na 30 asiyeweka kumbukumbu analipa 80,000 kwa mwaka. Anayeweka kumbukumbu analipa asilimia 0.4 ya kile kilichozidi milioni 10. Ikiwa unauza milioni 20 kwa mwaka, daftari lililoandikwa kila jioni linakutoa kwenye 80,000 hadi 40,000. Watu wengi sokoni hawaambiwi hili.

Na mkitaka kusikika, wakati wenyewe mnaujua wachache. Miswada ya kodi huletwa Bungeni karibu na mwisho wa Machi, Kamati ya Fedha hupokea maoni ya wananchi, na Bunge hutakiwa kumaliza kabla ya tarehe 31 Mei. Hotuba ya Juni husomwa mambo yakiwa yamekwisha kuamuliwa. Chama chenu cha wachuuzi kikimwandikia mbunge mwezi wa Aprili, ningeomba barua itake mambo matatu: kizingiti cha PAYE kipande kila bei zinapopanda, kodi ya kutoa pesa za simu iondolewe, na orodha ya misamaha ya wawekezaji, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inamtaka Waziri wa Fedha aipeleke Bungeni, ijadiliwe kwa jina la kila kampuni, ajira ilizoahidi na ajira ilizotoa. Mwombeni pia awaambie mapema pesa ya kuziba mapengo hayo mawili ya kwanza itatoka wapi. Nadhani ikitoka kwenye hilo la tatu, hata shemeji yako atakubali.